Shule ya Watoto wa Mgongoni

Niliporudi kutoka Mubi msimu ule wa maharage, nilimkuta mke wangu ameketi mlangoni, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa, mtoto wetu mgongoni. Alikuwa amejikata kisigino kwa jembe. Hakuniuliza habari za safari. Hakugusa hata chumvi na sabuni nilizomletea.

"Umefika vizuri," alisema. "Kesho njo siku ya Foye. Utampeleka mutoto."

Nilicheka. Nilidhani kidonda kimempandisha homa.

Wakati ule nilikuwa kijana, nimesoma sekondari bila kuimaliza, nauza dukani kwa mfanyabiashara mmoja pale Mubi, mji wa barabara ya msituni ambako malori yalikuja kuchukua madini. Nyumba yetu ilikuwa kilimani juu ya Nyabiondo. Nilikuwa natoka huko upande wa Walikale, kwa lori ao kwa miguu, napanda hadi nyumbani, nakaa kidogo na mke wangu, kisha nyayo zinaanza kuwasha nashuka tena. Mpaka leo nimevuka arobaini na sijapona. Nimelala katika miji mingi ambayo sikuwa na kazi nayo. Lakini nikifumba macho, kilima ninachokiona ni kile kimoja tu, na moshi wa majani ya maharage unapanda polepole.

Foye lilikuwa jumba la mbao karibu na misheni. Zamani wanawake walifundishwa humo kushona na kupiga pasi. Baada ya uhuru alikuja mwalimu mwanamke kutoka Bukavu, watu wakimwita monitrisi, akaziweka sindano kabatini na kuanzisha jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia: kila Alhamisi asubuhi mama aje na mtoto wake asiyejua bado kutembea, ao ndiyo kwanza anaanza, wakae chini kwenye mkeka na wacheze pamoja. Si mama atazame mtoto akicheza. Wacheze wote wawili.

"Munafanya nini kule?" nilimwuliza mke wangu.

"Tunapanga magunzi ya mahindi. Mutoto anayaangusha. Tunapanga tena."

"Halafu?"

"Halafu tunapanga tena."

"Na kwa hiyo unaacha shamba?"

"Mwezi uliopita mutoto wako alishika gunzi akalitia ndani ya kopo, akalitoa, akalitia tena. Wewe ulikuwa wapi? Mubi. Mimi nilikuwa pale."

Nikamwambia basi amtume mdogo wake, msichana ambaye alimshika mtoto mama yake alipokuwa analima. Hapana. Monitrisi alikuwa na sheria moja tu, na hiyo hakuilegeza: si dada, si bibi, aje mzazi mwenyewe.

"Na wewe si muzazi?" mke wangu akaniuliza.

Kwetu mwanaume anaweza kubeba mbuzi mabegani kutoka Masisi mpaka Mushaki na hakuna atakayegeuka kumtazama. Mtoto mchanga ni kitu kingine. Kumfunga mgongoni kwa kikwembe sikuweza, hata kama ningekuwa peke yangu duniani. Basi nilimpandisha mabegani kama mbuzi huyohuyo, nikashika miguu yake miwili, naye akashika nywele zangu. Njia nzima watu walikuwa na kazi ya kuniuliza.

"Papa, ile mbuzi unaipeleka soko gani?"

"Haiuzwi."

"Iko dume ao jike?"

Pale Foye kelele zilikuwa nyingi kabla sijaingia. Niliposimama mlangoni, zikakatika. Kisha mwanamke mmoja mnene, mama wa mapacha, akapiga makofi.

"Mama zangu, leo tumepata mama mwenye ndevu!"

"Mupishe kwenye mukeka, amechoka kunyonyesha!"

"Papa, saa ya maziwa ikifika utafanya nini?"

Mwanamke mmoja wa wafugaji, mrefu, mwenye kibuyu cha maziwa kando yake, alisema kwa sauti ya upole kuliko wote: "Atapewa haya yangu. Lakini yeye papa, si mutoto." Walicheka hadi mmoja akajifuta machozi kwa mguu wa mtoto wake. Baada ya mwaka ule wa vurugu kati yao, wakulima na wafugaji hawakuwa wakikaa pamoja sehemu nyingi. Pale walikaa, kwa sababu watoto walitambaa kutoka mkeka huu kwenda ule bila kuuliza ni wa nani, na mama lazima amfuate mtoto.

Nilikaa chini. Sikumpakata mtoto mapajani kama wao. Nilimkalisha mbele yangu, ananitazama, na magunzi yake katikati. Tulipanga. Akaangusha. Tukapanga tena. Nakiri kwamba baada ya muda nilisahau kuona aibu. Alikuwa na vidole vyangu, vilevile, kidole cha mwisho kimepinda. Sikuwahi kuviona.

Kisha ukaja mchezo wa kibuyu. Monitrisi alikuwa na kibuyu kidogo chenye maharage makavu ndani. Alikuwa anapita kimya nyuma ya mtoto, anakitikisa, mtoto anageuka, na mzazi anamwambia: kibuyu. Hicho tu. Alikwenda kwa mmoja baada ya mwingine. Pacha wa kwanza aligeuka akacheka. Pacha wa pili aligeuka akalia. Mtoto wa yule mfugaji aligeuka akajikojolea, na wanawake wakasema amemkaribisha mgeni.

Akafika nyuma ya wetu. Akatikisa.

Mtoto alikuwa anajaribu kusimamisha gunzi juu ya jingine.

Akatikisa upande wa pili, karibu na sikio. Mtoto akaweka gunzi, likaanguka, akaliokota.

"Huyu ni wa baba yake kabisa," alisema mama wa mapacha. "Akiwa na kazi hasikii muntu."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Monitrisi hakucheka. Alikiinua kibuyu juu na kukitikisa kwa nguvu zake zote, maharage yakilia kama mvua ya mawe juu ya bati, na watoto wote chumbani wakageuka. Aliyekuwa ananyonya aliliacha ziwa, maziwa yakimdondoka kidevuni, akageuza shingo kutazama. Vichwa vyote vidogo vilikuwa vinatazama upande wetu. Kimoja tu kilikuwa kimeinama juu ya gunzi.

Kicheko kilikufa. Niliwahi kuona lori likipinduka na watu wake, niliwahi kukutana na askari walevi njiani Walikale, lakini mwili wangu haukuwahi kuwa baridi namna ile, asubuhi, jua linawaka, nimekaa kwenye mkeka.

"Pamoja na mama yake anageuka," monitrisi alisema polepole, kama anajisemea. "Kila Alhamisi anageuka."

"Mama yake anamukalisha wapi?" nikauliza.

Alinionyesha: mapajani, mgongo wa mtoto umeegemea kifua cha mama. Tulitazamana, na nadhani tulielewa pamoja. Kibuyu kikilia, mama mwenyewe anashtuka, mwili wake unageuka, na mtoto anageuka nao.

Monitrisi akapiga sufuria kwa mwiko, nyuma ya mtoto. Hakuna. Ila kivuli cha mkono wake kilipopita juu ya magunzi, mtoto aliinua macho, akamwona, akatabasamu kwa furaha yote aliyokuwa nayo.

Kurudi nyumbani, hakuna aliyeniuliza bei ya mbuzi. Ao labda waliuliza, sikusikia. Nilikuwa namwita mtoto kwa jina lake, kwa sauti, kisha kwa kupiga kelele, naye huko juu alikuwa anapigapiga kichwa changu kama ngoma.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho akichambua maharage kwenye ungo. Hakusimama.

"Anasikia mimi," alisema.

"Mama, nimeona kwa macho yangu."

"Umeona nini? Umekaa naye asubuhi moja tu. Mimi, yeye iko mgongoni mwangu tangu kuzaliwa. Nikiimba anacheza. Nikimwita anaitika. Nikinyamaza anaamka. Lete hapa."

Alimfunga mgongoni palepale, akasimama kwa mguu mmoja akishika nguzo, na akaanza kuimba wimbo wa kutwanga. Na ni kweli. Mtoto alianza kurukaruka ndani ya kikwembe, akiguna mm, mm, kwa kufuata mapigo yale, shavu lake limelala kati ya mabega ya mama yake. Mke wangu alinitazama. Uso wake ulisema: nenda zako Mubi.

"Mushushe chini," nikasema. "Akupe mugongo. Imba uleule."

Alimshusha. Mtoto alikaa mavumbini, anatazama bonde. Mke wangu akaimba. Mtoto aliona siafu anapita, akainama kumfuata kwa kidole. Mke wangu akaimba kwa nguvu zaidi, na mama mkwe wangu, aliyekuwa anakaa nasi, akatoka jikoni kutazama kuna nini. Mke wangu akaimba mpaka wimbo ukawa si wimbo tena. Akaacha kijiti alichokuwa anatembelea tangu ajikate, akatambaa kwa mikono na magoti mpaka nyuma kabisa ya kichwa cha mtoto, akaita jina lake. Jina tu. Mara nyingi. Siafu aliingia kwenye ufa wa ardhi, na mtoto akabaki anautazama ule ufa.

Mke wangu alikaa chini. Nilidhani atalia. Alianza kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenihadithia habari ya jirani.

"Ile wakati ya vurugu tulikimbilia porini, wewe hukuwapo. Askari walipita chini, wakapiga risasi. Watoto wote walilia. Mama zao waliwaziba midomo kwa mikono, mmoja karibu afe. Huyu alilala tu. Watu walikuja kunishika mikono. Walisema nimezaa mutoto wa baraka, mutoto jasiri. Unajua mimi nilifanya nini? Nilijikaza nisitetemeke. Nilisema moyoni, nikitetemeka ataamka. Sikutetemeka. Njo hakuamka."

Akamtazama mtoto.

"Hakuwa jasiri," akasema.

Siku ya soko habari ilikuwa imeshafika Nyabiondo, lakini ilikuwa imebadilika njiani. Watu hawakusema kwamba mtoto alizaliwa hivyo. Walisema alitoka nyumbani mzima, amebebwa na mwanaume kama mnyama, akatikisiwa kibuyu nyuma ya kichwa, na kile kibuyu kikayachukua masikio yake. Mama mkwe wangu alikuwa wa kwanza kuliamini jambo hilo.

"Alitoka hapa na masikio yake," alisema, mbele ya wageni. "Nilimuona. Amerudi bila."

"Mama, masikio iko palepale."

"Wewe unacheka? Muntu wa duka anacheka."

Sikuwa nacheka. Alhamisi iliyofuata hatukwenda, na wengi hawakwenda. Walificha watoto wao kibuyu kisiwaone. Nilisikia kwamba mama wa mapacha alifika mlangoni, akawahesabu waliokuja, akageuka. Misheni nao walikuwa wanauliza kwa nini jumba likae tupu wakati lingeweza kuwekwa magunia ya maharage.

Tulimpeleka mtoto kwa daktari wa hospitali ya misheni kule Masisi, akatazama ndani ya masikio kwa taa yake. Alisema maneno machache ya Kifaransa ambayo nilikuwa na elimu ya kutosha kuyaelewa na ambayo ningependa nisingeyaelewa. Amezaliwa hivyo. Hakuna dawa. Mke wangu alinisubiri nimtafsirie, na uso wangu ulikuwa umeshamtafsiria.

Tuliporudi, monitrisi alikuwa amepanda kilima peke yake, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Mama mkwe hakumpa kiti. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mama," alimwambia mke wangu, "huyu mutoto iko na akili sana. Ameelewa dunia yote kwa mugongo wako. Lakini mugongo hauna maneno. Akiwa kule nyuma anaona nini? Anaona shingo yako. Sherti aone uso. Aone mudomo unaposema, aone macho, aone mikono. Kila saa, si Alhamisi tu."

"Nifanye nini?"

"Umubebe mbele."

Mama mkwe aliinuka, akaenda nje, tukamsikia anatema mate. Mke wangu alikuwa anamtazama monitrisi kama mtu aliyepigwa kofi na rafiki.

Kwetu, mtoto hai yuko mgongoni. Akibebwa mbele, kwenye mikono, kikwembe kimemzunguka, maana yake ni moja. Anapelekwa kuzikwa. Kama Mungu amehurumia kidogo, anapelekwa hospitali, na watu watakaokutana naye njiani wataanza kulia mapema ili wasipoteze wakati.

"Unataka nimubebe mutoto wangu muzima kama maiti?" mke wangu aliuliza.

Nilimwona monitrisi akiweka mkono mdomoni. Alikuwa mtu wa mjini, wa Bukavu. Jambo hilo hakulijua. Miaka yote hiyo amekaa na wanawake wetu, amewaambia watoto wao majina ya vitu vyote chumbani, na hilo hakuna aliyemwambia.

"Unisamehe, Mama," alisema. "Unisamehe sana."

Alishuka kilima bila kunywa hata maji.

Siku zilizofuata mke wangu alimbeba mtoto mgongoni kama kawaida, lakini niliona kwamba kila mara anageuza shingo kumtafuta, mpaka shingo ikamuuma, na mtoto naye alikuwa ameegemea tu, ametulia, anasikiliza ile nyumba yake ya nyama na mifupa. Nyayo zangu zilikuwa zimeanza kuwasha. Lori la Walikale lilikuwa linakuja. Sikwenda.

Alhamisi asubuhi nilimkuta uani na kikwembe kipya, kile cha kanisani. Alikuwa amekigeuza. Mtoto alikuwa kifuani pake, miguu imemzunguka kiuno, uso kwa uso. Wote wawili walionekana kama watu wasiozoeana.

"Nipe nimubebe mimi," nikasema. "Mimi wameshanizoea."

"Wewe hata nyimbo zenyewe hujui. Chukua kijiti changu, ukae nyuma."

Tulishuka. Alikuwa anachechemea, na alikuwa anasema bila kupumzika, akifungua mdomo kupita kiasi kama mtu anayekula muhogo wa moto. "Ile njo ngombe. Ngombe. Umeona? Ile muti. Ile moshi. Ngombe." Mtoto alimtazama kinywani kwa mshangao, kisha akatazama pembeni. Aliingiza kidole humo. Akachoka. Akaanza kulilia mgongo. Alijipinda, akisukuma kifua cha mama yake kwa mikono miwili, na mke wangu aliendelea kusema, machozi yakimwingia mdomoni, ngombe, muti, ngombe.

Penye njia panda ya shamba la ndizi tulikutana na wanawake wanaotoka kuchimba muhogo. Wa mbele alikuwa jirani yetu, mwanamke mzee mwenye sauti iliyojulikana kote Nyabiondo. Hakuna msiba ulioanza kabla hajafika. Alituona kutoka mbali. Mke wangu mbele, anachechemea, analia, mtoto kwenye kikwembe cha kanisani. Mimi nyuma na fimbo.

Kikapu kilianguka. Mihogo ikabingirika mpaka miguuni petu.

"Woyi! Woyi mama yangu! Njo hivyo amekufa!"

"Mama, hapana," alisema mke wangu.

"Woyi! Kibuyu kimemumaliza!"

Alijitupa chini katikati ya njia, mikono kichwani. Wenzake wote walitua mizigo yao na kuweka mikono kichwani, midomo wazi, wanayumba kushoto na kulia. Mke wangu alikuwa anapiga kelele kwamba mtoto ni mzima, lakini nani angesikia? Alimgeuza mtoto awaelekee, wamwone macho.

Mtoto aliacha kujipinda. Aliwatazama wale wanawake, mmoja baada ya mwingine. Alitazama midomo yao. Alitazama mikono yao. Nilikuwa nimesogea pembeni, niliuona uso wake vizuri, na ulikuwa umekunjamana kwa bidii, kama siku ile ya gunzi juu ya gunzi. Kisha akainua mkono mmoja, ukapotea kidogo hewani, ukaangukia kichwani. Akainua wa pili. Akafungua mdomo mpaka fizi zikaonekana zote.

Ikatoka sauti. Haikuwa ile mm, mm ya mgongoni. Ilikuwa wazi, mbaya, ndefu, na mwili wake wote ulikuwa unayumba kushoto na kulia.

Kilio kilikatika. Yule mama mzee alifungua jicho moja, palepale mavumbini.

"Eh!" alisema. "Maiti inanichekelea."

"Ni muzima, Mama. Iko muzima."

"Muzima? Na juu ya nini munatembea naye hivi? Munanitoa machozi bule! Mihogo yangu nani ataokota?" Alikuwa anajipangusa magoti kwa hasira, anatafuta khanga yake, na wenzake walikuwa wameanza kucheka huku wakibana pua.

Lakini mke wangu alikuwa ameshapiga magoti mbele yake njiani, kisigino kibovu kimekunjwa chini, amemshika mtoto kwapani, amemwinua uso kwa uso na yule mwanamke.

"Lia tena, Mama," alimwambia. "Tafazali. Lia tena, anakuona."

Yule mama alinitazama mimi, kama anayeuliza kama mke wangu ana akili timamu. Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa bado ameshika kichwa kwa mikono miwili, anasubiri. Akavuta pumzi, akaweka mikono yake kichwani.